Handel na zile siku 24

Juzi tena. Tuko kwenye mazoezi ya Haleluya, ile ya Messiah, oratorio ya mtunzi Handel (kazi ndefu ya kwaya na solo), besi ndio wanaoanza pale kwenye "naye atatawala", wameingia wamechelewa, nikawasimamisha, mzee mmoja akaniambia mwalimu usitubane hivyo, mbona Handel mwenyewe alishushiwa tu Messiah nzima na malaika kwa siku 24 na hakufuta hata noti moja. Hii kauli nimeikuta kila kwaya niliyofundisha, na inatuulia mazoezi.

Siku 24 ni kweli. Alianza Messiah tarehe 22 Agosti 1741 nyumbani kwake Brook Street, London, akamaliza 14 Septemba. Lakini jamani hiyo ndiyo spidi yake! Mwezi haujaisha akashika oratorio nyingine, Samson, na 29 Oktoba rasimu ilikuwa imeisha. Huyu ni mtu wa miaka 56, ametunga opera za Kiitaliano miaka na miaka, anaandika kwanza sauti kuu na besi halafu anarudi kujaza za katikati, kiunzi cha Messiah kilikuwa tayari 12 Septemba, siku mbili za mwisho ni kujaza tu. Na alifuta bwana, nakala ya mkono wake ipo British Library, ina mikato na madoa ya wino.

Sasa kinachonikera zaidi ni hiki. Ile kwaya ya Isaya 9, "mtoto amezaliwa", muziki wake aliutunga Julai ileile kama wimbo wa watu wawili kwa Kiitaliano, mtu anayakataa mapenzi, na neno la kwanza ni "No!", yaani hapana, sikuamini. Ndiyo maana kwenye Kiingereza, "For unto us a child is born", kale kaneno "For" kanabeba uzito usio wake, kamekaa kwenye kiti cha "No". Imba zote mbili taratibu utasikia mwenyewe. Wimbo huohuo umetoa pia kwaya ya "All we like sheep", na ile ya "His yoke is easy" imetoka kwenye wimbo mwingine wa watu wawili wa mwezi huohuo. Halafu sikiliza alichoongeza, pale sauti zote nne zinapolipuka pamoja kwenye "Wonderful", fidla zinakimbia juu yake, hicho kwenye ule wa Kiitaliano hakipo. Mimi hapo nywele zinanisimama mpaka leo.

Kwa Kiswahili hapo nahangaika kweli. "Maana", ndiyo "For" yetu, mkazo wake uko silabi ya pili, ma-A-na, noti inaugonga mwanzo, na "Mshauri wa ajabu" kwetu ni kitu kimoja wakati Handel amekata mara mbili, Ajabu! Mshauri! Nimejaribu kuhamisha silabi, nikarudisha, nikahamisha tena, bado sijaridhika.

Charles Jennens, aliyempangia maandiko, ile haraka ilimuudhi, maana Handel alimwambia angechukua mwaka mzima, na alimbana mpaka akarekebisha baadhi ya sehemu. Na Handel hakuacha kubadilisha, kila akipata mwimbaji mpya anaandika solo upya, mwaka 1750 "But who may abide" aliigeuza kabisa kwa ajili ya Guadagni. Kwa hiyo anayeniambia tuimbe "ile original" namuuliza ya mwaka gani.

Haraka haraka na haya: Haleluya inafunga sehemu ya pili, siyo mwisho wa kazi. Na Messiah haikuanza na Krismasi, mara ya kwanza ni Dublin, 13 Aprili 1742, siku chache kabla ya Pasaka, mapato yakasaidia hospitali na kuwatoa wafungwa 142 wa madeni.

Kama Roho alikuwepo mle chumbani? Mimi ni muumini, siwezi kusema hakuwepo. Ila alimkuta mtu ana kalamu mkononi na nyimbo za Julai mezani.

Jumanne tunaanzia "naye atatawala", besi peke yao, kwa solfa kwanza.