Lukoplakia: doa jeupe kinywani mwa mvutaji na mla tambuu

Lukoplakia ni jina la kitabibu la doa jeupe linalojitokeza ndani ya kinywa, lisilofutika kwa kitambaa wala kwa mswaki, na ambalo daktari akilichunguza haoni maradhi mengine ya kulieleza. Mara nyingi haliumi wala haliwashi. Mtu anaweza kuishi nalo miaka, akila urojo na pilipili zake, asijue kama lipo. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa baadhi ya madoa haya hugeuka kuwa saratani ya kinywa, na sababu yake kubwa ni tumbaku.

Si kila weupe kinywani ni lukoplakia. Utando wa fangasi, unaowapata sana watoto wachanga na watu wenye kinga dhaifu, hufutika ukiupangusa na kuacha wekundu chini yake. Mstari mweupe ndani ya shavu, usawa wa meno yanapokutana, aghalabu ni alama ya kujitafuna na hauna neno. Wavutaji wa kiko na wanaovuta sigara nyingi huweza kupata weupe wa kaakaa wenye vitone vyekundu, unaotokana zaidi na joto la moshi, na huo kwa kawaida huondoka mtu akiacha. Lukoplakia ni lile doa linalobaki baada ya hayo yote kuondolewa kwenye hesabu.

Linatokeaje? Ngozi laini ya ndani ya kinywa ikipigwa kila siku na moshi na sumu za tumbaku hujikinga kwa kujiongezea unene, kama kiganja cha mvuta makasia kinavyoota sugu. Weupe tunaouona ni unene huo uliolowa mate. Lakini chini yake kuna kazi nyingine inayoendelea. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati yake zinajulikana kuwa zinasababisha saratani. Miongoni mwa zilizo mbaya zaidi kwa kinywa ni nitrosamini za tumbaku, ambazo huharibu vinasaba vya seli. Mwili hurekebisha uharibifu huo, lakini haurekebishi wote. Makosa hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, mpaka seli moja inaanza kuzaana bila kizuizi. Ndiyo maana saratani hii huwapata zaidi waliovuka miaka 40, ingawa mbegu yake ilipandwa ujanani. Anayechanganya sigara na pombe huzidisha hatari mara nyingi zaidi, maana pombe huirahisishia sumu kupenya. Na maji ya shisha hayachuji kitu cha kumwokoa mtu: hupoza moshi tu, ukavutika kwa wepesi na kwa wingi.

Hapa Unguja na Pemba, lakini, hatuwezi kuzungumzia tumbaku tukaishia kwenye moshi. Tambuu ipo harusini, ipo barazani, ipo kwenye kisahani cha bibi kando ya kitanda. Ni jani la mtambuu, chokaa, katu na popoo, yaani kokwa la mpopoo, na wengi huongeza kipande cha tumbaku. Kitu anachokaribishwa mgeni kwa heshima ni vigumu kukiita sumu, na mimi sioni raha kukiita hivyo. Lakini kinywa hakijui heshima. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitamka mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2004 likaenda mbali zaidi: tambuu isiyo na tumbaku nayo husababisha, na popoo peke yake vilevile. Kwa hiyo yule anayesema "mimi natia popoo tu, tumbaku situmii" hajasalimika.

Popoo ina madhara yake ya pekee. Nyama ya ndani ya mashavu hukakamaa kidogo kidogo. Mwanzoni mtu huona pilipili zinamuwaka kuliko zamani, kisha mashavu yanakuwa magumu kuvutika, mwisho hawezi kufungua kinywa hata kupitisha vidole vitatu kati ya meno ya juu na ya chini. Hali hiyo, kama lukoplakia, huweza kugeuka saratani. Chokaa nayo huchubua ngozi na kuzisaidia kemikali za popoo na tumbaku kufyonzwa. Na kwa kuwa mla tambuu ana upande wake anaouzoea, doa na saratani vyote hupenda kuanzia hapohapo linapokaa donge. Mwaka 2022 duniani kulikuwa na wagonjwa wapya karibu 390,000 wa saratani ya mdomo na kinywa, na takribani 120,000 kati yao walihusishwa na popoo na tumbaku isiyovutwa. Karibu theluthi moja nzima, bila moshi.

Sasa fizi. Mtu asiyevuta akipatwa na maradhi ya fizi huona damu kwenye mswaki, akashituka na kwenda kwa daktari wa meno. Mvutaji hanyimwi maradhi, hunyimwa dalili: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi zake hazitoki damu sana huku mfupa unaoshikilia meno ukiliwa ndani kwa ndani. Anapokuja kujua, meno yanacheza. Damu hiyohiyo iliyopungua ndiyo inayochelewesha kupona akishang'olewa jino.

Vijana siku hizi wanaulizia vepu, yaani sigara za kielektroniki, na wanastahili jibu la kweli. Vepu haichomi tumbaku, kwa hiyo haina lami ya moshi, na kemikali za saratani ndani ya mvuke wake ni chache kuliko za sigara. Chache si sifuri. Kimiminika chake kikipashwa moto huweza kutoa kemikali zenye sumu kama fomaldehaidi na akrolini. Hukausha kinywa, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Kinywa kikavu kilichopakwa mvuke mtamu unaonata ni makaribisho mazuri kwa vidudu vinavyotoboa meno. Zenye nikotini hubana mishipa ya fizi, na hutia uraibu. Kuhusu saratani ya kinywa, vitu hivi vilianza kuuzwa China mwaka 2004, na saratani huchukua miongo kujitokeza. Hukumu ya mwisho bado haijatoka. Mvutaji aliyeiacha sigara kabisa akahamia vepu amepunguza sumu, lakini anayevuta vyote viwili bado yumo kwenye moshi. Kijana ambaye hajawahi kuvuta hana faida yoyote ya kuianza.

Anayevuta au kula tambuu ajitazame kinywa angalau mara moja kwa mwezi. Simama dirishani penye mwanga baada ya kupiga mswaki, ukiwa na kioo na mikono misafi. Vuta kila shavu nje, tazama ndani ya midomo, nyanyua ulimi utazame chini yake, kisha ushike ncha yake kwa kitambaa na uugeuze kulia na kushoto. Pembeni mwa ulimi na chini yake ndiko saratani inakopenda kuanzia kwa wavutaji. Papasa na chini ya taya na shingoni, usije ukawa na tezi ngumu. Doa jeupe, kidonda, uvimbe au ganzi iliyokaa zaidi ya wiki mbili ipelekwe kwa daktari wa meno. Doa jekundu, au jeupe lililochanganyika na wekundu, lisingoje hata hizo wiki mbili, kwani wekundu una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na saratani tayari.

Daktari akishuku atakata kipande kidogo cha nyama kwa ganzi ili kipimwe kwa hadubini. Watu wengi hukimbia wakifika hapa, kwa imani kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Kipimo hiki hakiileti saratani. Kinachoisambaza ni miezi inayopotea mtu akizunguka na dawa za kusukutua. Majibu hueleza kama seli zimeanza kubadilika na kwa kiasi gani. Lukoplakia nyingi hazigeuki saratani, kwa hiyo kuitwa kupimwa si hukumu ya kifo. Saratani ikigunduliwa ikiwa ndogo, upasuaji peke yake mara nyingi hutosha. Ikichelewa, ndipo mgonjwa anapovuka bahari kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi, akiacha familia na kazi.

Kuacha kuna faida hata kwa aliyeanza zamani. Baadhi ya madoa hupungua au kutoweka ndani ya miezi michache, na hatari ya saratani ya kinywa hushuka kwa nusu kati ya miaka 5 na 10 baada ya kuacha. Ramadhani ni mlango mkubwa kwetu: mfungaji tayari anakaa zaidi ya saa 13 bila sigara wala tambuu. Kilichobaki ni zile saa za usiku, na sigara ya kwanza baada ya futari ndiyo ngumu kuliko zote. Hamu kali zaidi huwa siku tatu za mwanzo bila nikotini kabisa, kisha hulegea wiki baada ya wiki.

Ukienda kwa daktari, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja au ya Chake Chake, usimfiche kitu kwa haya. Mwambie unavuta nini, tangu lini na mara ngapi kwa siku. Kama unakula tambuu, mwoneshe na upande unaoiweka, aanze kutazama hapo.