Beseni la Maji Uani: Maswali Ninayoulizwa Kila Msimu wa Joto

Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya watoto, Dar es Salaam. Kaskazi ikianza kuvuma mwezi Desemba, nyumba za bati zinageuka tanuri na maswali haya yanarudi hadi Machi.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu na ndani hakukaliki. Nimchezeshe nini nje?

Vitu vya bure. Mpe kikombe cha maji na brashi kuukuu, "apake rangi" ukuta. Jua linakausha, anaanza upya, na wewe unapata nafasi ya kuchagua mchele ukiwa pembeni yake. Mchanga mbichi na vifuu vya nazi vinatosha kupika pilau la kutwa nzima. Akimaliza, anawe mikono kwa sabuni. Aliyefika miaka minne au mitano asukume tairi la baiskeli kwa kijiti. Wakubwa wanaocheza kombolela, wakagulieni kwanza maficho: friji mbovu iliyotupwa uani ing'olewe mlango leo. Mtoto akijifungia humo hasikiki.

Saa ngapi ni salama?

Kabla ya saa nne asubuhi, na baada ya saa kumi jioni, kivulini. Anywe maji mara kwa mara bila kusubiri aombe. Akichemka mwili usiseme "ni jua tu", akapimwe malaria.

Na beseni la maji je? Analipenda mno.

Ruksa. Sharti ni kwamba mtu mzima amekaa hapo hapo, mkono wake unamfikia mtoto, na simu imebaki ndani. Ukiinuka, na yeye unamwinua. Mchezo ukiisha, mwaga maji.

Lakini maji yenyewe hayapiti vifundo vya miguu.

Yanatosha. Kuzama ni maji kuziba njia ya hewa, basi. Pua na mdomo vikifunikwa, kina kingine hakina kazi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili. Akichungulia ndoo na kutumbukia kichwa chini, mikono haina nguvu ya kumtoa, na ndoo yenye maji haipinduki kirahisi. Watu wa hapa wanaiogopa bahari, huku ndoo ya kudekia inakaa wazi mlangoni. Mwaga maji.

Mimi niko jikoni, mlango uko wazi, namsikia.

Hapana. Humsikii. Anayezama hapigi kelele, kwa sababu sauti inataka pumzi na pumzi ndiyo iliyokatika. Hapigi maji kwa fujo kama mnavyoona kwenye filamu. Kimya, mama. Kimya kabisa.

Mama mmoja alituletea mtoto amemviringisha kwenye khanga iliyolowa. Alikuwa akikuna nazi, hatua kama tano kutoka kwenye beseni. Alichorudia kutuambia ni hiki: "Nilikuwa nasikiliza." Mtoto vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji, na kimoja kilikuwa bado kimenasa kwenye kishikio cha kikombe cha plastiki. Yule hatukuweza kumwokoa. Ndiyo maana nakasirika mtu akiniambia "dakika moja tu". Ubongo ukikosa hewa, dakika chache tu zinatosha kuuharibu.

Dada yake wa miaka saba anamwangalia.

Hapana. Huyo naye ni mtoto, na akiitwa na wenzake ataondoka. Usimbebeshe mzigo huo.

Maji kwetu ni ya mgao. Kweli niyamwage?

Hili nalielewa, hata kwangu bomba linatoka mara mbili kwa wiki. Ya kuchezea mwagia mchicha au dekia choo. Ya akiba weka kwenye diaba lenye mfuniko unaobana, si sinia lililoegeshwa juu. Ndoo za bafuni zifungiwe mlango kwa komeo la juu. La beseni halina mjadala: mwaga.

Nikimkuta ameshazama?

Mtoe, piga kelele watu waje. Usimning'inize miguu juu. Usimbinye tumbo "atapike maji". Kila siku nasema, na kila mwaka analetwa mtoto aliyebinywa. Hapo unapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako (kwa mtoto mchanga, funika mdomo na pua pamoja), umpulizie pumzi 5 huku ukitazama kifua kikipanda. Hajarudi? Bonyeza katikati ya kifua mara 30, haraka, karibu mara mbili kwa sekunde, kisha pumzi 2, tena 30. Wengine watafute usafiri. Kumkimbiza kwa bodaboda bila kumpulizia ni kumchelewesha, hata kama pikipiki inakimbia.

Amezinduka, analia, amekunywa na uji. Si amepona?

Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kuleta shida saa kadhaa baadaye: anakohoa, anahema haraka, mbavu zinabonyea, anasinzia isivyo kawaida. Wengi huletwa usiku, midomo imeshabadilika rangi, na mzazi anasema mchana alikuwa mzima kabisa. Msisubiri dalili hizo. Na kabla hamjafunga geti, mmoja arudi uani amwage lile beseni. Kuna watoto wengine waliobaki nyumbani.