Kirejeshi cha Kiingereza na lile "it" linalozidi

Kirejeshi ni neno linalorudi nyuma kuishika nomino iliyokwisha kutajwa ili tuielezee zaidi bila kuanza sentensi nyingine. Kiswahili kina amba- na ile "o" inayojibanza ndani ya kitenzi: kitabu ambacho nilikinunua, kitabu nilichokinunua. Kiingereza kina "who", "which", "that", "whose" na "where". Maelezo yanayofungwa na neno hilo ndiyo kishazi rejeshi.

Kuchagua kirejeshi si kazi kubwa kwa aliyezoea kupatanisha ngeli. Kiingereza huuliza tu: ni mtu au si mtu? Mtu ni "who", kitu ni "which", na "that" hupokea wote. Mtego ni wanyama: sisi husema ng'ombe ambaye, lakini Kiingereza kwa kawaida humweka ng'ombe kwenye "which" au "that".

Shida hasa iko kwenye kitenzi. "The book which I bought it is lost." Hilo "it" limetoka wapi? Limetoka kwenye -ki- ya "nilikinunua". Kiswahili hakioni tabu kukitaja kitabu mara mbili, kwenye ambacho na tena kwenye kitenzi. Kwa Kiingereza, "which" imeshaijaza nafasi hiyo, kwa hiyo sema "The book which I bought is lost." Ndivyo ilivyo pia "the man who he came": "he" ni a- ya "alikuja" iliyovuka mpaka bila pasi. Iache nyumbani.

Kwenye umilikaji tunateleza vilevile. Mwanafunzi ambaye baba yake ni fundi cherehani hugeuka "a student who his father is a tailor". Kiingereza huyeyusha ambaye na yake kuwa neno moja: "a student whose father is a tailor".

Kwa mahali mambo hugeuka: huko hatuzidishi, tunapunguza. Katika "nyumba ninamoishi", -mo- imebeba maana ya ndani. Ukisema "the house which I live", umeiangusha njiani. Irudishe: "the house which I live in", au "the house where I live". Chagua moja, "where I live in" ni kuvaa kofia mbili.

Mkato nao una uzito wake. "My brother who lives in Mombasa is a driver": nina kaka kadhaa, namtaja yule wa Mombasa. "My brother, who lives in Mombasa, is a driver": kaka ninayemzungumzia anajulikana tayari, Mombasa ni nyongeza tu. Hapo kwenye mkato, usiweke "that".

Kirejeshi kinachosimamia mtendwa unaweza hata kukidondosha: "the book I bought". Kinachosimamia mtendaji hakidondoki. "The man came yesterday is my uncle" inadai "who" yake.