Uboho umegoma, daktari kaandika homoni za kiume: naomba tuongee

Kuna mama kaniuliza wiki hii, binti yake ana miaka 14, ana anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaofanya uboho ugome, kaandikiwa danazoli, dawa ya aina ya homoni za kiume. Kafungua boksi kasoma ile karatasi ya ndani, akakuta habari za ndevu na sauti nzito, basi dawa akaifungia kabatini. Dada, namwelewa kabisa, ndo maana najibu hapa na wengine wasome.

Kwani uboho ukigoma inakuwaje?

Damu inatengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Ukigoma vinashuka vyote: seli nyekundu, ngazi chache tu mtu anahema, seli nyeupe, homa haziishi, na chembe sahani zinazogandisha damu, mtoto anapiga mswaki povu linatoka jekundu. Wengi ni kinga yao wenyewe inashambulia uboho, ila wengine wamezaliwa na tatizo, kama Fanconi au telomia fupi. Telomia ziko kwenye ncha za kromosomu, zinafanya kazi kama pindo la kanga, pindo likiisha nguo inaanza kufumuka.

Sasa homoni ya kiume inaingiaje hapo?

Androjeni zinasukuma mwili utoe zaidi erithropoietini, ile homoni inayoamrisha seli nyekundu zitengenezwe, halafu zinaamsha jeni ya TERT inayosaidia kurefusha telomia. Sio dawa ya jana, madaktari wanaitumia tangu miaka ya 1960. Mwaka 2016 watafiti wa NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, walitoa matokeo ya wagonjwa wa telomia fupi waliopewa danazoli miligramu 800 kwa siku, walipopimwa miezi mitatu baadaye damu ilikuwa imepanda kwa 19 kati ya 24. Ni utafiti mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha, lakini kwangu mimi ni habari kubwa.

Ndo tiba ya kwanza?

Hapana. Kama kinga ndo inashambulia, kwanza ni kupandikizwa uboho, hasa ukipata ndugu ambaye uboho wake unalingana na wako, au dawa za kushusha kinga. Androjeni inakuja hayo yakishindikana au hayapatikani. Kwa Fanconi karibu nusu damu inapanda, ila haizuii saratani ya damu, kwa hiyo kliniki haiachwi.

Mwezi umepita sioni kitu, niache?

Usiache jamani. Miezi mitatu mpaka sita ndo unaweza kujua.

Binti yangu atageuka mwanaume?

Hageuki, ila sikufichi: chunusi, vinyweleo usoni, hedhi kuvurugika, na sauti, sauti ikishashuka mara nyingi hairudi hata dawa ikiachwa. Mwambie kabla hajaanza, asije kushtukia siku anapokea simu anaitwa kaka. Mtoto anayekua mifupa inaweza kufunga mapema akabaki mfupi, kwa hiyo anapigwa eksirei ya mkono kufuatilia. Ini nalo linapimwa damu na ultrasaundi mara kwa mara maana linaweza kuota uvimbe. Mwenye mimba hapewi kabisa.

Zile sindano za jimu si ni hizohizo?

Usithubutu, hujui kuna nini ndani, na chembe sahani zikiwa chini hata tundu la sindano kwenye msuli linaweza kuvujia ndani.

Na lile boksi kabatini?

Dada, usilitupe. Rudi nalo kliniki, mwambie daktari ukweli kwamba mtoto hajameza hata kidonge kimoja, la sivyo atapima damu akute haijapanda, aandike kwenye faili dawa imeshindwa.