Bendera ya muungano: nani yumo, nani hayumo

Ukiikuta bendera ya Uingereza inapepea, itazame pembe ya juu iliyo karibu na mlingoti. Utaona mistari ya mshazari, mweupe mpana na mwekundu mwembamba. Pale mlingotini, mweupe mpana unatakiwa uwe juu ya mwekundu. Ukiwa chini, bendera imepandishwa kichwa chini miguu juu, na hutokea mara nyingi tu, kwa sababu kwa mbali pande zote zinafanana. Upana ule haukuwekwa kwa urembo. Mweupe ni wa Scotland, iliyoingia kwanza. Mwekundu ni wa Ireland, iliyokuja baadaye. Na upande wa mlingotini ndio upande wa heshima. Ni kama kupanga nani akae mbele kwenye jamvi la shughuli.

Bendera ya muungano, basi, ni bendera ya dola iliyotokana na nchi zaidi ya moja, inayobeba alama za walioungana. Ile ya Uingereza, wenyewe huiita Union Jack, ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Pia ndiyo inayozua swali gumu: je, kila taifa lililomo ndani ya muungano lazima lionekane kwenye kitambaa?

Mwaka 1603 mfalme James wa Scotland alirithi na kiti cha England. Miaka 3 baadaye, 1606, akaagiza meli zipeperushe bendera moja: msalaba mwekundu wa Mtakatifu George wa England ukawekwa juu ya msalaba mweupe wa Mtakatifu Andrea wa Scotland, ule wa umbo la X kwenye buluu. Mabaharia wa Scotland walinung'unika papo hapo. Msalaba wa jirani umelalia wa kwao! Mwaka 1801, Ireland ilipounganishwa na Uingereza, ukaongezwa X mwekundu wa Mtakatifu Patrick, na bendera ikawa hii tunayoijua.

Wales, nchi nyingine ya muungano huo, haimo. Hakuna joka lake, hakuna kijani, hakuna chochote. Sababu ni kwamba sheria za mfalme Henry wa Nane wa England, za 1535 na 1542, zilikwisha kuifanya Wales sehemu ya England. Bendera ilipochorwa 1606, machoni pa wachoraji hapakuwa na nchi ya tatu ya kukaribishwa. Joka jekundu kwenye nyeupe na kijani lilitambuliwa rasmi kuwa bendera ya Wales mwaka 1959 tu. Mwaka 2007 mbunge mmoja wa huko, Ian Lucas, alipendekeza bungeni joka liingizwe kwenye bendera ya wote. Halikuingizwa.

Sasa linganisha na Ireland. Sehemu kubwa ya kisiwa hicho ilijitoa 1922, ikabaki Ireland ya Kaskazini peke yake, lakini msalaba haukuguswa. Kwa hiyo Union Jack haihesabu watu waliomo nyumbani leo. Inahesabu mikataba: taji gani lilikutana na taji gani, na lini. Aliyemezwa bila mkataba hana mstari, na aliyeondoka ameacha wa kwake ukutani.

Na tusiwacheke sana, maana lugha yetu nayo imewafanyia watu wa Wales hivyohivyo. Kwa Kiswahili cha kila siku England ni Uingereza, na dola nzima pia ni Uingereza. Mtu wa Cardiff, mji mkuu wa Wales, tunamwita Mwingereza bila kusita, jina ambalo huenda akalikataa kwa nguvu.

Tanzania ilikabiliwa na swali hilo mwaka 1964. Tanganyika ilikuwa na mistari iliyolala ya kijani na nyeusi, yenye njano katikati yao. Zanzibar baada ya Mapinduzi ilikuwa na buluu, nyeusi na kijani. Muungano ulipofika Aprili, rangi hizo zilichanganywa katika bendera moja na mistari ikasimamishwa mshazari: buluu ilitoka Zanzibar, njano Tanganyika, kijani na nyeusi zilikuwa za wote wawili. Lakini mtoto wa shule hafundishwi hivyo. Hufundishwa kwamba kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji. Huo ni ujanja mzuri, kwa maoni yangu. Rangi zilizoletwa na nchi mbili zimepewa maana isiyo na mwenyewe, na Msukuma, Mmakonde au Mpemba hana sababu ya kuuliza mstari wake uko wapi. Wote wako kwenye nyeusi.

Afrika Kusini ilipita njia ya kuorodhesha, ikaumia. Bendera yake ya 1928 ilibeba katikati bendera 3 ndogo: ya Uingereza na za jamhuri mbili za Makaburu, Orange Free State na Transvaal. Weupe wa pande zote walipatanishwa. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, hawakuwekewa hata uzi. Ile iliyopandishwa Aprili 27, 1994 haina bendera ya mtu ndani yake. Ina mikanda inayoanzia pembe mbili, inakutana, kisha inaendelea mbele ikiwa mmoja.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba bendera hailazimiki kumtaja kila mmoja. Lakini ukishaanza kutaja, kila uliyemruka ana haki ya kukuuliza. Wales inauliza kwa sababu England imetajwa. Kama Union Jack ingekuwa mistari ya ardhi na mvua, joka lingetulia kwake.

Hata hivyo, hata njia ya Tanzania haikumaliza hamu ya kuwa na kitambaa cha nyumbani. Tangu 2005 Zanzibar ina bendera yake tena, buluu, nyeusi na kijani, na kwenye pembe ya juu mlingotini imewekwa ya Muungano, ndogo. Ya Tanganyika ilishushwa 1964, na serikali haijaipandisha tena.