Sumu za mishale zilivyotufunulia mwili wa binadamu

Watu wengi wakisikia kwamba idara yetu inachunguza mimea ya dawa, huuliza jambo moja tu: mti gani unatibu ugonjwa gani? Swali hilo lina haki yake, lakini linaacha nje nusu ya kazi. Mmea wowote unaobadilisha hali ya mwili, uwe dawa au sumu, hufanya hivyo kwa kugusa mahali mahususi. Ukipajua mahali hapo, unajifunza mambo mawili kwa mpigo: mmea una nini ndani yake, na mwili unafanyaje kazi. Mengi tunayoyajua leo kuhusu neva, misuli na moyo hayakupatikana kwa kisu cha mpasuaji wala kwa darubini peke yake. Yalipatikana kwa watu walioifuatilia sumu ya mmea hatua kwa hatua hadi pale inapopiga.

Kisu nacho tusikidharau. Mwaka 1543 Andreas Vesalius alichapisha michoro ya mwili wa binadamu iliyotokana na maiti alizozipasua mwenyewe. Akasahihisha makosa ambayo madaktari walikuwa wameyarithi kwa karne nyingi kutoka kwa Galen, tabibu wa kale aliyepasua nyani na nguruwe zaidi kuliko binadamu. Baada ya hapo mwanafunzi wa udaktari aliweza kuonyesha kwa kidole uzi mweupe wa neva unapoingia kwenye msuli. Lakini maiti haikunji ngumi. Namna amri inavyotoka kwenye neva na kuushtua msuli ilibaki fumbo kwa karne tatu nyingine, na waliolifumbua walihitaji sumu.

Punda, chura na kurare

Wawindaji wa misitu ya Amazon na Orinoco walikuwa wakichemsha magome ya mimea inayopanda juu ya miti, ikiwemo ya jenasi Chondrodendron na Strychnos, hadi yakatoa uji mzito wenye rangi nyeusi. Uji huo ndio kurare, na waliupaka kwenye ncha za mishale. Mnyama akichomwa analegea, anaanguka, anaacha kupumua. Nyama yake huliwa bila madhara, kwa sababu kurare ikimezwa haipenyi kwa urahisi kutoka utumboni kwenda kwenye damu. Wawindaji walilijua hilo kitambo, kabla ya profesa yeyote. Mimi nauita huo utafiti, hata kama haukuandikwa popote.

Mwaka 1814, huko London, msafiri Charles Waterton na wenzake walimdunga punda jike sumu hiyo. Baada ya muda mfupi punda akalala kama mzoga. Wakamtoboa koromeo na kuanza kumpulizia hewa mapafuni kwa mvukuto. Baada ya kama saa mbili akainua kichwa na kutazama huku na huku. Walipoacha kupuliza, akazimika tena. Wakaendelea, hadi makali ya sumu yakaisha na punda akasimama. Aliishi miaka mingi baada ya siku hiyo. Kumbe moyo ulikuwa ukipiga muda wote, na kilichokuwa kikimuua ni kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, na misuli ya mbavu kushindwa kuvuta hewa. Mashine ya kupumulia iliyo katika wodi ya wagonjwa mahututi inafanya kazi hiyo hiyo ya mvukuto.

Swali likabaki: sumu inapiga wapi hasa? Ubongo? Neva? Msuli wenyewe? Aliyelijibu ni Claude Bernard wa Ufaransa, katikati ya karne ya 19, na jaribio lake ni moja ya yale ninayopenda kuwaeleza wanafunzi, kwa kuwa halikuhitaji chombo chochote cha ghali. Alichukua chura, akafunga mishipa ya damu inayokwenda miguu ya nyuma lakini akaziacha neva zake zikiwa nzima. Kisha akadunga kurare sehemu ya mbele. Damu ikaisambaza sumu mwili mzima isipokuwa miguu ile. Akaufinya mguu wa mbele: haukusogea, ila miguu ya nyuma iliruka. Maana yake ni kwamba chura alihisi, na uti wa mgongo ulipokea habari na kutoa amri. Amri ilifika kwenye miguu ambayo haikupata sumu, na kwingine ikakwama. Alipoushtua kwa umeme msuli ulioingiwa na sumu, ulijikunja vizuri. Alipoishtua neva yake, msuli ukatulia tuli. Neva inafanya kazi, msuli unafanya kazi, ila vimekatika mawasiliano. Kurare inapiga pale viwili hivyo vinapokutana.

Mwaka 1905 John Langley wa Cambridge akaenda mbele zaidi. Alipaka nikotini, ile ya tumbaku, kwenye msuli wa kuku ambao neva yake ilikuwa imeshakatwa na kufa. Msuli ukajikunja, na kurare ikauzuia. Kama neva haipo na bado nikotini inaamsha na kurare inazuia, basi lazima kwenye msuli wenyewe kuna kitu kinachopokea kemikali hizo. Hapo ndipo wazo la vipokezi lilipoanza kupata umbo, na leo sehemu kubwa ya dawa zilizo kwenye rafu za famasia hufanya kazi kwa kushika vipokezi vya aina mbalimbali. Sasa tunajua kwamba neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye uwazi mwembamba usioonekana hata kwa darubini ya kawaida ya maabara, na msuli huipokea upande wa pili. Kurare ni kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli ukakataa kuzunguka: haufungui, na ufunguo halisi unakosa pa kuingia.

Januari 1942 Harold Griffith wa Montreal alitumia kurare iliyosafishwa kulegeza misuli ya mgonjwa aliyekuwa akipasuliwa. Tangu hapo madaktari hawakulazimika kumpa mgonjwa kiasi kikubwa cha dawa ya usingizi ili tu tumbo lake lilegee. Walakini wapo waliodhani kurare yenyewe inaondoa maumivu. Dhana hiyo ilizimwa na daktari wa usingizi wa Marekani, Scott Smith, aliyekubali kudungwa kurare peke yake, bila dawa nyingine, huku akipumuliwa na wenzake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1947. Mwili wake wote ulilegea, hata kope hazikusogea, lakini alisikia kila neno na kuhisi kila walichomfanyia, akaja kusimulia yote baadaye. Mtu aliyelala kimya si lazima awe hana maumivu. Bernard alikuwa ameshaliona kwa chura karibu karne moja nyuma.

Mbegu ya kiapo

Mbegu ya mmea Physostigma venenosum, kutoka pwani ya Nigeria ya leo karibu na Calabar, ilitumika zamani kuwalisha watuhumiwa: aliyekufa alihesabiwa mkosaji, aliyetapika akapona aliachiwa. Mwaka 1855 daktari wa Edinburgh, Robert Christison, alikula kipande chake ili aone kitatokea nini. Alipoona mambo yameharibika, akanywa maji yake ya kunyolea ndevu ili atapike. Alipona. Siwashauri watafiti chipukizi wafuate njia hiyo, ingawa historia ya famakolojia, elimu ya namna dawa zinavyofanya kazi mwilini, imejaa watu wa namna yake.

Kemikali iliyomo, fisostigimini, inafanya kinyume cha kurare. Inakizuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, hivyo asetilikolini inarundikana na kuzidi kuusukuma msuli. Jambo hilo lingebaki vitabuni kama si Mary Walker, daktari katika hospitali ya Greenwich, London. Alikuwa na mgonjwa wa miastenia gravisi, ugonjwa unaolegeza misuli: kope zinashuka, kutafuna kunachosha, mikono inakuwa mizito. Akaambiwa kwamba hali hiyo inafanana na sumu ya kurare. Akawaza: kama inafanana na kurare, basi kinachoipinga kurare huenda kikasaidia. Mwaka 1934 alidunga fisostigimini, na kwa saa kadhaa mgonjwa akafumbua macho na kumeza vizuri. Sumu ikaisha nguvu, kope zikashuka tena, lakini njia ilikuwa imeonekana. Hadi leo ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa za ukoo huo. Galantamini, iliyogunduliwa kwenye maua ya jenasi Galanthus, inakizuia kimeng'enya hicho hicho na hutumika kwa wagonjwa wa Alzheimer.

Moyo na pampu yake

Kwa moyo nitakwenda haraka, maana mantiki ni ile ile. Mwaka 1785 William Withering wa Uingereza alieleza jinsi majani ya Digitalis yanavyowasaidia waliovimba miili kwa maji, hali inayoweza kuletwa na moyo uliochoka. Alikuwa ameletewa mchanganyiko wa kienyeji wenye mimea takriban 20, akatambua kwamba mmoja tu ndio wenye nguvu. Aliandika pia dalili za kuzidisha: kichefuchefu, mapigo ya moyo kwenda polepole mno, macho kuona vitu vya njano na kijani. Huko Afrika Mashariki, miti ya Acokanthera ilitoa sumu ya mishale yenye ouabaini, inayopiga mahali pale pale pa Digitalis. Mahali hapo palipata jina baada ya mwaka 1957, Jens Skou wa Denmark alipokuwa akichunguza neva za miguu ya kaa na kukuta kimeng'enya kinachosukuma sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu. Ouabaini, ambayo huizuia kazi hiyo, ndiyo iliyothibitisha kwamba ameishika pampu yenyewe. Skou alipata sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Pampu hiyo ipo karibu kila seli ya mwili wako. Ndiyo maana pengo kati ya kiasi kinachoponya na kinachoua ni jembamba. Kidonge cha kawaida cha digoksini, dawa inayotokana na Digitalis, kina robo ya miligramu au pungufu yake. Jani la mmea halina lebo: kilichomo hubadilika kwa umri wa jani, msimu, udongo na namna lilivyokaushwa. Anayechemsha kikombe hajui ameweka kiasi gani, na hata sisi tungeliona jani hilo tusingejua bila kulipima.

Kwa anayetumia mitishamba

Hatuwaambii watu waache mimea. Tunachosema ni kwamba neno "asilia" halielezi chochote kuhusu usalama, kwa kuwa kurare ni asilia na ouabaini ni asilia. Maswali yenye maana ni manne: ni mmea gani hasa, kiasi gani, unaingia kwa njia gani, na unakutana na nini ndani ya mwili.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Chochote kinachofyonzwa tumboni na utumboni hupelekwa kwanza kwenye ini, kiungo chenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, na karibu robo tatu ya damu inayoingia humo hutoka moja kwa moja kwenye njia ya chakula. Huko vimeng'enya huvunja dawa. Mmea Hypericum perforatum, unaouzwa sana kwa ajili ya huzuni, huviamsha vimeng'enya hivyo, na dawa nyingine huvunjwa kabla ya kufanya kazi: za virusi vya Ukimwi, vidonge vya kupanga uzazi, na zile zinazozuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa. Maji ya balungi hufanya kinyume, na baadhi ya dawa hupanda kwenye damu kupita kiasi.

Utambulisho wa mmea nao si jambo la wataalamu wa herbaria, yaani hazina za mimea iliyokaushwa, tu. Miaka ya mwanzo ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza uzito waliharibikiwa figo. Badala ya Stephania tetrandra, kulikuwa kumeingizwa mmea wa jenasi Aristolochia, ambao kwa Kichina jina lake la biashara linakaribiana na la ule wa kwanza. Baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo baadaye.

Kama unatumia mitishamba, mtajie daktari kabla ya kuandikiwa dawa na hasa kabla ya upasuaji. Ikitokea mtu amekula mmea wenye sumu, muwahishe hospitalini bila kumtapisha kwa nguvu. Aliyekula mnanaha, yaani Datura, huwa na mboni zilizopanuka, kinywa kikavu, ngozi ya moto na kuweweseka, kwa sababu atropini na jamaa zake zilizomo humo huziba vipokezi vya asetilikolini. Aliyepata sumu ya aina ya fisostigimini, au baadhi ya viuatilifu vya shambani, huwa na mboni ndogo kama ncha ya pini, mate mengi na jasho, naye atropini ndiyo dawa yake. Ukimpa yule wa kwanza dawa ya huyu wa pili, unamwongezea sumu ile ile. Kwa hiyo beba mmea wenyewe au picha yake yenye jani, ua, tunda na mzizi, au kopo la kiuatilifu kama ndicho kilichohusika, maana mmea uliokwisha kusagwa hautambuliki kwa macho na vipimo vya kuutambua huchukua muda ambao mgonjwa wa sumu mara nyingi hana.