Moto wa ugali hauondoi sumukuvu
Mahindi yakiota ukungu, utasikia: yapembue, yasage, moto utamaliza. Moto huua kuvu, ndiyo. Sumu yake, yaani sumukuvu, haifi kwa sababu haina uhai wa kuuawa. Huvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, na sufuria ya ugali hufika karibu 100 tu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafariki, na mahindi yao yalipikwa kama kawaida. Jicho nalo hudanganya: punje inayong'aa yaweza kubeba sumu. Kinachopunguza hatari ni kukausha juu ya turubai, si udongoni, kisha kutupa punje zilizovunjika au kubadilika rangi. (Kuku wasipewe, sumu huwadhuru pia.)